Mbegu Haishukuriwi

Mama mwenzangu, karatasi hii ikikufikia isome ukiwa umekaa, na watoto wawe nje. Mimi si mtu wa kuandika. Nimeishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nilisoma nusu, nusu nyingine tulikuwa tunamchotea mwalimu mkuu maji. Lakini nimeona nikuonye kabla hujafanya kosa nililofanya mimi, maana wewe nawe una watoto, una kiua nyuma ya jiko, na nina hakika kuna kitu umekianika juani sasa hivi.

Jina la nchi yetu siliandiki. Si kwa woga. Limebadilishwa mara tatu tangu nimalize shule. Kuandika la zamani ni kosa, na la sasa sijalizoea. Itoshe kusema serikali yetu inatupenda sana, inatupenda kuliko tunavyoweza kuvumilia, na Rais wetu haitwi Rais, anaitwa Mshibishaji Mkuu. Picha yake iko kila duka na kila zahanati: ameshika jembe, chuma kiko juu karibu na sikio lake, mpini ndio umegusa ardhi. Mwanzoni tulidhani mpiga picha amekosea. Ikatoka barua kwamba huo ndio ushikaji rasmi. Kata ya jirani wakautii, na mpaka leo kuna wazee wawili kule wenye jicho mojamoja.

Zamani tulikuwa na Wizara ya Kilimo, nayo ikipima mavuno kwa magunia. Magunia yakawa yanapungua mwaka hadi mwaka. Wakubwa wakakaa, wakafikiri, wakaacha kupima magunia wakaanza kupima shukrani. Siku hizi ni Wizara ya Shibe na Shukrani. Kitu kikitolewa, mpokeaji anashukuru kwa sauti na karani anaandika kwenye Daftari la Shukrani. Tangu hapo mavuno hayajashuka hata mara moja. Mwaka jana redio ilitangaza tumevuna shukrani milioni tisa na ziada tumeuza nje. Kanuni ya Nne ya wizara hiyo imebandikwa mlangoni kwa mjumbe wetu kwa herufi kubwa: KITU HAKIJATOLEWA MPAKA KISHUKURIWE. Ishike kanuni hiyo, usiidondoshe njiani.

Sasa kwetu, na kwenu nadhani ni hivyo hivyo, mbegu haishukuriwi. Hili hatukufundishwa shuleni, tumezaliwa nalo. Ukienda kwa jirani kuomba marando ya viazi vitamu ya kupanda, anakukatia kwenye matuta yake anakupa. Unayapokea kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ndio wa kulia chakula, na mbegu haitakiwi kuujua mkono utakaoila. Husemi asante. Ukiishukuru mbegu inadhani kazi yake imekwisha. Huagi, kwa sababu ikisikia kuagana inakumbuka kwao, inanyauka kwa uchungu. Unageuka, unampa mwenzio mgongo, unakwenda zako na hutazami nyuma. Aliyekupa hakasiriki. Akikuona unachekacheka ndipo anakasirika, anajua unakwenda kumuulia mbegu yake.

Ndiyo desturi iliyonifikisha hapa.

*

Mimi naitwa Mama Limi. Baba Limi alikwenda machimboni, akasema atarudi uchaguzi ukipita, na kwa kuwa kwetu uchaguzi unaahirishwa, siwezi kumlaumu. Aliniachia watoto watatu: Limi mwenyewe, yuko darasa la nne, Kwandu wa katikati, na Masalu, ambaye hata meno hayajatimia. Unga wa dukani ulipopanda bei mpaka mwenye duka akawa anaitaja kwa kunong'ona, mimi sikushtuka sana. Nilishaacha kununua.

Viazi vikikomaa navimenya, nakata vipande vyembamba, naanika kwenye kichanja siku nne tano mpaka kipande ukikivunja kilie kama kijiti. Hiyo ndiyo michembe. Majani ya kunde nayachemsha kidogo, nayafinya, nayaanika. Maharage nayachanganya na majivu ya jikoni, mdudu hapiti. Vyote naingiza kwenye kihenge changu cha fito, naziba mdomo kwa mavi ya ng'ombe na majivu, nasubiri. Ukifika ule mwezi ambao shamba ni bichi na sufuria ni tupu, watoto wa nchi wanalia, wangu wanatafuna. Sijisifu. Nasema kile kihenge ndicho kilikuwa baba wa watoto wangu, na hakikuwahi kuchelewa kurudi.

Basi siku moja akaja Bwana Fulgensi. Huyu ni Afisa Shibe wa Kata, kijana mnene kiasi, shati lake lina mifuko minane na mfukoni hamna kitu ila kalamu.

"Mama Limi, kuna mchango wa hiari."

"Wa nini tena, afisa?"

"Marando. Kila kaya mafungu matano."

"Na kama sina hiari?"

"Hiari yako nimekuja nayo," akasema, akapapasa faili. "Ilishasainiwa kwa mjumbe."

Nikakata mafungu matano. Kamba sikuwa nayo, nikachana kanga yangu ya bluu, ile ya korosho, nikafungia. Lori likazunguka kata nzima, matuta yakabaki yamenyolewa kama vichwa vya wafiwa. Marando yakaenda makao makuu. Tukasikia redioni kwamba Mshibishaji Mkuu ameyapungia mkono akiwa ghorofani. Wiki tatu baadaye lori likarudi na marando yale yale, yamekauka, kila fungu lina utepe mwekundu wa hariri, na bango: ZAWADI KUTOKA KWA MSHIBISHAJI MKUU KWA WANAWAKE WASIO NA MBEGU.

Kweli hatukuwa na mbegu. Walikuwa nayo wao.

*

Sherehe ilifanyika uwanja wa shule. Akaja Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dakta Dakta Balthazari. Udakta wa kwanza alisomea, wa pili alipewa siku aliyokuwa akipita karibu. Redio ya taifa ilikuwa hewani moja kwa moja. Mke wa Bwana Fulgensi alikaa mstari wa mbele, na viatu vyake vyenye kamba za dhahabu.

"Ndugu wananchi!" akasema. "Kiazi ni nini?"

Tukatazamana. Mzee mmoja nyuma akaanza kueleza, wakamkalisha.

"Kiazi ni sera iliyofukiwa!" Makofi. "Na rando ni nini? Rando ni mkono wa Mshibishaji Mkuu! Mkono mrefu, unaotambaa usiku na mchana mpaka kwenye ua wa mama mnyonge! Wako maadui wasemao mkono huu unachukua. Waongo! Mkono huu unatambaa tu!"

Makofi tena. Kisha wakataja jina langu. Nilichaguliwa niwe wa kwanza kupokea, eti mama wa mfano, kwa vile matuta yangu yalikuwa mazuri kabla hayajanyolewa. Bwana Fulgensi alikuwa amenifundisha shukrani siku mbili nzima: mikono miwili, goti moja, maneno kumi na saba.

Nikapanda jukwaani. Maneno kumi na saba yote ninayo kichwani. Waziri akaninyooshea fungu, na chini ya ule utepe mwekundu nikaona kipande cha kanga ya bluu, ya korosho.

Mama mwenzangu, sikupanga. Naapa kwa uhai wa Masalu sikupanga. Lakini mtu akikupa marando mwili unajua la kufanya kabla kichwa hakijafika. Nikanyoosha mkono wa kushoto. Nikapokea. Sikusema neno. Nikageuka, nikampa Waziri mgongo, nikashuka ngazi, nikakata uwanja mpaka nyumbani bila kutazama nyuma.

Wanasema redio ilikaa kimya dakika nzima. Nchi nzima ilisikia upepo, na mbuzi wa mwalimu mkuu.

Nilipofika nyumbani nikayatua marando kwenye beseni. Mama Nyamizi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akaja mbio kanga mkononi.

"Wewe mwanamke una wazimu? Umemgeuzia Waziri makalio redioni!"

"Redio haina picha, Mama Nyamizi."

"Tumeyasikia!"

*

Kesho yake Bwana Fulgensi alikuja na faili jipya. Juu yake ameandika: KIMYA CHA UCHOCHEZI.

"Kwa nini hukushukuru?"

"Ilikuwa mbegu, afisa. Mbegu haishukuriwi. Mama yako hakukuambia?"

"Mama yangu hayumo kwenye ajenda. Kwa hiyo unakiri hukupokea marando."

"Nimeyapokea, haya hapa kwenye beseni."

"Kwa mujibu wa Kanuni ya Nne hujayapokea. Hayajatolewa."

"Basi yachukue, baba, yaishe."

Akashtuka kama nimemwambia ale sabuni. "Nitachukuaje kitu ambacho hakijatolewa? Nitaandika nini kwenye daftari?"

"Sasa mimi niyafanyeje?"

"Hayapo."

"Yapo, afisa, yanakunyaukia hapo miguuni."

"Mama Limi, usibishane na kanuni. Nimesema hayapo." Akayaruka yale marando kwa uangalifu, asiyakanyage, akaingia jikoni kwangu. Huko akakikuta kihenge.

Alikizunguka. Akakigonga. Akanusa ule mdomo nilioziba, akarudi nyuma hatua mbili. "Humu mna nini?"

"Michembe, kunde, maharage. Chakula cha wanangu mpaka viazi vipya."

"Nani amekupa?"

"Nimelima."

"Umemshukuru nani?"

Kwa kweli sikukumbuka kumshukuru mtu. Mgongo ulikuwa wangu, jua ni la Mungu. Akaandika muda mrefu. Alipotoka uso wake ulikuwa unang'aa kama mtu aliyegundua dawa.

Alichogundua tulikisikia redioni baada ya siku sita. Wataalamu wa wizara wamethibitisha, ikasema, kwamba kaya yenye akiba haina shukrani. Kwa hiyo, kwa kuwapenda wananchi, akiba zote za majumbani zitahamishiwa Ghala la Shukrani la kata, ambako kila Jumamosi kila mama atashukuru kwanza, kisha atapewa chakula chake kidogo kidogo asije akasahau tena.

Walianza na changu. Vijana wanne wakakibomoa kihenge kwa shoka. Masalu alikuwa anacheka na kupiga makofi, alidhani ni mchezo. Michembe ikamwagika sakafuni kama vigae, wakaizoa kwa koleo la mchanga.

Kisha wakaenda kwa Mama Nyamizi. Kisha nyumba inayofuata. Kata nzima.

"Mgongo wako umekula chakula chetu," Mama Nyamizi aliniambia siku ile. "Nina wajukuu watano mle ndani. Kuanzia leo usinisalimie, na mimi sikusalimii. Nikifa usije."

Ndiyo maneno ya mwisho niliyoambiwa na jirani yeyote wa kata hii. Kisimani wakinyamaza. Kanisani wakihama benchi. Wewe unajua kwetu kutosalimiwa kulivyo, heri upigwe. Na nisiwalaumu, watoto wao walikuwa na njaa na sababu ilikuwa mimi.

*

Sasa sikiliza ujinga wa watu waliosoma.

Waziri alitakiwa aje kukagua Ghala la Shukrani. Bwana Fulgensi akafungua magunia, akaona maharage yana majivu, michembe ina rangi ya udongo. Akatoa amri vyote vioshwe.

Nilikuwepo, nilikuja kuomba dawa ya kikohozi zahanati iliyo jirani na ghala. Nikaona mapipa ya maji, vijana wanasugua michembe yangu kwa dekio. Nikasahau kwamba mimi ni mtuhumiwa.

"Afisa! Kitu kikavu hakioshwi! Kitaoza!"

"Mama Limi, hiki sasa ni chakula cha taifa. Chakula cha taifa hakiwezi kuwa na majivu na mavi ya ng'ombe. Hapa si jikoni kwako."

"Basi kianikeni tena."

"Kianikwe nje, watu wakione? Unataka vurugu?"

Wakakirudisha kibichi kwenye magunia ya nailoni, wakafunga midomo kwa waya, wakapanga mpaka darini. Waziri alipokuja baada ya wiki mbili, ghala lilikuwa na joto kama tumbo la ng'ombe. Akavuta pumzi ndefu, akasema hiyo ndiyo harufu ya akiba inayopumua.

Jumamosi nikapanga foleni. Nikapiga goti, nikatoa maneno kumi na saba bila kukosa hata moja, nilishukuru vizuri mpaka karani akapiga makofi. Nikapewa michembe yenye manyoya ya kijani. Ilikuwa michembe yangu. Ninaujua mkato wangu, nakata kwa mshazari. Niliiosha, nikaikwangua, nikaianika kutwa nzima, nikaipika. Wanangu walikuwa na siku mbili na uji wa maji. Ungefanya nini?

Masalu alitapika siku nne. Siku ya tatu alikuwa hana tena machozi ya kulilia. Nikambeba mpaka zahanati, chini ya ile picha ya jembe lililogeuzwa.

"Amekula nini?" nesi akauliza.

"Michembe ya ghala."

"Ilishukuriwa?"

"Ilishukuriwa, nesi. Kwa goti."

"Basi si chakula," akasema, akaandika: homa ya kawaida.

Alipona. Lakini mpaka leo ukimwonyesha kipande chochote kilichokauka anaficha uso kifuani kwangu. Mimi niliyemlea kwa hicho.

Siku ile natoka zahanati niliapa. Sitasema niliapa nini, maana karatasi hizi zinasomwa na wengi.

*

Utauliza, na yale marando mengine yaliyotolewa pale uwanjani? Yalitolewa kweli kweli, yalishukuriwa mpaka yakachoka. Wizara ikapanga yapandwe siku ya kuzaliwa Mshibishaji Mkuu, ambayo kwa bahati mbaya iko katikati ya kiangazi. Wanawake wote wakapangwa mstari, kila mmoja anachoma shimo, anaingiza rando, anashukuru, anasogea. Mimi sikualikwa. Niliwasikia toka nyumbani, kama nyuki. Ndani ya siku tisa hakikubaki kijiti kibichi. Wizara ikachunguza, ikatoa taarifa kwamba shukrani hazikutosha.

Mimi fungu langu nililiweka kwenye shimo la matope nyuma ya bafu, linakopita maji ya kuogea, chini ya kivuli cha mgomba. Nikakata ncha zilizokufa. Likakaa pale likatoa vizizi vyeupe kama meno ya Masalu. Mvua ya kwanza ilipoanguka nikainua matuta matatu, nikapanda. Sheria sikuvunja. Unavunjaje sheria kwa kupanda kitu ambacho hakipo?

Yakashika, mama mwenzangu. Yalitambaa mpaka yakapanda ukuta. Kata nzima ilikuwa nyekundu na tupu, kwangu kijani.

Hofu ikaanza upya, na safari hii ilikuwa ndani ya nyumba. Ilikuwa Limi. Shuleni kila Jumatatu mwalimu anauliza: "Nani ameona mtu asiyeshukuru?" Na Limi hajui kusema uongo. Nimemlea vibaya.

"Mama," aliniambia jioni moja, tunachambua mboga. "Mwalimu amenipa daftari. Nihesabu watu wasioshukuru mtaani kwetu."

"Na mimi umo?"

"Wewe ndiye wa kwanza, mama."

Sikumpiga. Nilitaka, sikumpiga. Ukimpiga mtoto kwa kosa la kusema kweli, kesho akikua anakuwa waziri.

*

Wa kwanza alikuja Mama Nyamizi. Ilikuwa adhuhuri, saa ambayo Bwana Fulgensi hulala na mifuko yake minane. Alisimama penye uzio, amenuna, anatazama kando. Hakupiga hodi. Hakunisalimia, alishaapa. Nami sikumwuliza shida yake, nilishakatazwa.

Nikachukua kisu, nikakata fungu, nikafunga kwa gamba la mgomba. Akanyoosha mkono wa kushoto. Akapokea. Akageuka, akanipa mgongo, lile lile alilonilaumia, akaenda. Hakutazama nyuma.

Nilibaki nimesimama na kisu. Mama mwenzangu, nililia. Miezi minne hakuna mwanamke aliyenitendea kama mtu.

Kesho yake wakaja wawili. Keshokutwa watano. Wote wamenuna, wote bubu. Hakukuwa na haja ya kumkumbusha mtu desturi, kwa sababu hakukuwa na mtu aliyekuwa anaongea na mimi. Chuki yao ilitosha. Na Limi yuko kizingitini, daftari mapajani, kila mgongo ukipita anaandika jina.

Wa mwisho alikuja amejifunika kanga mpaka puani, yakabaki macho tu. Lakini miguu hakuifunika. Nilikijua kile kiatu, kata nzima hakuna mwingine mwenye viatu vyenye kamba za dhahabu. Nikamkatia. Mkono wa kushoto. Mgongo. Nikabaki na visiki vya mashina, na matuta.

*

Lori lilikuja baada ya majuma machache. Mtu alikuwa amepeleka habari makao makuu kwamba kata yetu kuna kijani. Bwana Fulgensi akashuka na karani, na utepe mwekundu umeviringishwa tayari.

Mimi nilikuwa nimetandika mkeka juu ya matuta, nimekaa na Masalu mapajani. Nilikuwa na sababu. Udongo wa matuta ulishaanza kupasuka nyufa, na mtu yeyote aliyewahi kulima anajua tuta linapasuka kwa sababu gani. Huko chini ndiko chakula cha wanangu kilikuwa kinanenepa. Wakichimba, basi.

"Mama Limi, mchango wa hiari. Marando."

"Marando gani, afisa? Uliniambia hayapo."

"Usinichezee. Taarifa ninayo, hapa palikuwa kijani." Akatazama visiki. "Umekata. Umempa nani?"

"Sijampa mtu."

"Unasema uongo kwa serikali?" Akageuka, akamwona Limi na sare yake. Sauti ikalainika. "Ehee. Huyu ndiye mtoto ninayemtaka. Mwalimu wako anakusifu, huna uongo. Njoo, binti. Umeona watu wakija hapa kwa mama?"

Nikambana Masalu mpaka akagumia.

"Nimeona," Limi akasema.

"Wengi?"

"Ishirini na saba. Nimewaandika."

Karani akafungua kalamu. Bwana Fulgensi akanitazama kama mtu anayetazama nyama. "Vizuri sana. Na mama yako aliwapa nini?"

 Limi akasimama wima, mikono nyuma, kama wanavyowasimamisha shuleni, akatazama juu.

"Hakuwapa kitu."

"Mtoto!"

"Kanuni ya Nne: kitu hakijatolewa mpaka kishukuriwe. Mimi nilikuwa nasikiliza kila siku, afisa. Hakuna aliyeshukuru. Hata mmoja. Ndiyo maana nikawaandika." Akamnyooshea daftari. "Wote wako humu kwa majina. Huyu wa mwisho nilimjua kwa viatu, ni—"

"Inatosha!" akasema Bwana Fulgensi.

Alisema kwa nguvu hata mdomo ukafunguka wote, na kati ya meno yake mawili ya mbele nikaona kipande cha jani la kijani. Matembele. Kata nzima hapakuwa na jani la kiazi ambalo halikutoka kwenye matuta yangu.

Nikalitazama lile jani. Akajua nalitazama. Akafunga mdomo.

"Karani," akasema kwa meno yaliyofungwa, "andika. Hakuna kilichotolewa."

"Na mkeka, afisa? Tukague chini ya mkeka?"

"Andika nilivyokuambia!"

Akalichukua lile daftari la Limi, akalitia kwenye mfuko wa saba, akaufunga kwa kifungo. Lori likaondoka na utepe wake. Limi akaanza kulia, anataka daftari lake, Jumatatu mwalimu atauliza. Nikamwambia aje akae hapa mkekani na sisi. Akaja, akakaa juu ya nyufa.

Basi nimekuonya. Anika vyako, ziba kihenge chako, na usikiweke mahali afisa anaweza kukigonga. Ukiitwa jukwaani kupewa marando yako mwenyewe, kaa nyumbani, sema una homa ya kawaida. Na ukipungukiwa mbegu, njia ya kwangu unaijua, yameshachipua tena. Njoo adhuhuri. Usipige hodi, usinisalimie, usinichekee. Leta mkono wa kushoto, nipe mgongo, nenda. Na ukithubutu kusema asante, nitakunyang'anya hapo hapo.